Nusu ya Kamusi

Leo nimeletewa nusu ya kamusi, na sijui uso wangu niuweke wapi.

Kaileta Paulina wa Nakwa, niliyesoma naye.

Miaka ile ya themanini hata daftari tulilipangia foleni. Kamusi ya Kiingereza tulikuwa nayo moja, tukaigawa kwa wembe: yeye nusu ya mwanzo, mimi ya mwisho. Tulipatana tukariri maneno magumu ya mtihani wa kuingia chuo cha ualimu, kisha tubadilishane.

Akaniazima yake. Nikaisoma yote, nikamrudishia.

Zamu yangu ilipofika, nikamwambia yangu imeliwa na mbuzi.

(Nafasi zilikuwa chache, jamani. Niliogopa.)

Nikafaulu mimi. Yeye akabaki na jembe.

Leo kaja na nusu yake, kaifunga vizuri kwenye kitenge.

"Mama Neema, yako si ililiwa na mbuzi? Chukua hii, wajukuu wako wasomee."

Yangu ilikuwa kabatini, nyuma ya kiti alichokalia.

Nikamwongezea chai. Kabati sikulifungua.

Ametoka sasa hivi, hata barabarani hajafika.

Nimwite?