Bi Usiguse na Kopo la Mafuta

Wapo watu ambao neno moja huwang'ang'ania kama kupe, na wakishazeeka nalo hugeuka kuwa jina lao. Mtunza maabara wa shule ya sekondari ya wasichana alikuwa na neno lake: usiguse. Alilisema asubuhi mbele ya mizani, akalisema mchana mbele ya chupa za asidi, na jioni akalisema mbele ya darubini iliyokwisha kufunikwa. Kwa miaka kumi na tisa wanafunzi walikuwa wakimwita Bi Usiguse, kwanza kwa siri, kisha hata mbele ya mwalimu mkuu. Hakuchukia. Aliamini kwamba vitu vingi duniani haviharibiwi na adui, bali na mtu mwema aliyetaka kuvishika kidogo tu.

Huenda ndiyo sababu Mungu, ambaye hakosi mzaha, alimletea nyumbani baba mkwe asiyeweza kuona kitu bila kukigusa.

Mzee huyo alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na minne katika kiwanda cha nguo, akipita kati ya mashine za kufuma na kopo lenye mdomo mrefu kama wa korongo, akidondosha tone hapa na tone pale. Alistaafu, akafiwa na mkewe, akaja kukaa kwa mwanawe na kopo lake. Kisha macho yakaanza kuingia ukungu, hata akabaki kutambua mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu aliyesimama mbele yake. Lakini masikio yalikuwa yake bado. Bawaba ikilia, anaamka. Alipaka mafuta kufuli, cherehani, gurudumu la toroli na mkasi wa kukatia nywele. Aliwahi kupaka kisu cha jikoni mpaka kikamponyoka Bi Usiguse mkononi na kutua sentimita mbili kutoka kidole cha mguu. Ukimuuliza, alikujibu kwa utulivu wa mtu anayetaja sheria ya nchi: "Chuma kisichopakwa mafuta ni yatima."

Mkamwana hamkaripii baba mkwe. Bi Usiguse alimeza. Alikuwa amemeza mengi hata wakati mwingine alijiuliza kama heshima yake ilikuwa heshima kweli au ni uoga uliovaa kanga safi.

Sasa mambo yalikuwa yamefika mahali ambapo kumeza hakutoshi. Jumatatu, saa mbili asubuhi, mzee alitakiwa awe hospitali ya macho katika mji wa pili, mwendo wa saa mbili kwa gari, akatolewe mtoto wa jicho. Miadi hiyo ilikuwa imesubiriwa miezi saba. Karatasi ilisema kwa herufi nene kwamba atakayechelewa ataanza foleni upya. Na daktari alikuwa ameongeza kwa mdomo kile ambacho karatasi haikukisema, kwamba jicho la kulia lilikuwa limekomaa mno, na miezi saba mingine ingeifanya kazi iwe ya kubahatisha. Basi la kwanza lilifika huko saa nne. Dereva wa teksi aliyeulizwa alitaja bei ambayo Bi Usiguse alidhani ni ya kuuza teksi yenyewe. Likabaki gari lao dogo la kijivu, na gari lao dogo la kijivu lilikuwa limeamua kufa kwenye kila makutano ya barabara.

Lilikimbia vizuri barabara ikiwa wazi. Likipunguza mwendo tu, injini ilianza kutetemeka, ikapanda, ikashuka, kisha ikazimika kama mshumaa, na nyuma yake honi zikaanza. Wiki tatu kabla, fundi wa gereji alikuwa amechomoa kwenye bomba la hewa kifaa kisichozidi urefu wa kidole. Akamweleza Bi Usiguse kwamba hiyo ndiyo sensa ya hewa: hupima hewa inayoingia ili injini ijue ichanganye na petroli kiasi gani. Ndani yake mna nyaya mbili nyembamba kuliko unywele. Zikichafuka, sensa inasema uongo, na injini inakula kwa kipimo cha uongo mpaka inakabwa. Akazipulizia dawa, gari likatulia. Kwa siku nne.

Mara ya pili Bi Usiguse alinunua kopo la dawa, akasafisha mwenyewe uani. Siku sita. Fundi alipopigiwa tena, alisema kwa sauti ya mtu anayekula kwamba basi hiyo sensa imekufa, anunue mpya, nayo itachukua siku kumi kufika.

Hivyo Jumamosi mchana alikuwa uani kwa mara ya tatu, mikono ameinawa mara mbili, kitambaa cheupe kimetandikwa juu ya kigoda. Simu ilikuwa kwenye dirisha, na ndani ya simu alikuwamo mume wake, mpima barabara aliyekaa kambini na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Yeye hakuwahi kuichomoa sensa hata siku moja, na kwa hiyo alijua kila kitu. Alimshauri atumie mswaki laini. Alimshauri atumie petroli kidogo kwenye pamba. Alikuwa ameona video.

Bi Usiguse alimjibu kwamba mswaki ungezikata zile nyaya, kwamba hazigusiki hata kwa pumzi, na kwamba kama video ile ina gari la kukodisha basi aitume.

Alizima gari, akatoa waya wa betri, akabana ulimi wa soketi na kuivuta pole pole. Skrubu mbili za kichwa cha nyota zikafunguka kwa bisibisi aliyoazima maabara na kuiandikia jina lake katika daftari la vifaa. Akachomoa sensa, akaishika kwa ubavu wake wa plastiki kama anavyomshika kifaranga mtu anayeogopa kumvunja mguu. Nyaya zilikuwa na utando wa kahawia. Akapulizia mara kumi, akihesabu, mpaka dawa ikadondoka safi. Akailaza kwenye kitambaa, akaifunika kwa bakuli la kioo, akaenda hadi mlango wa sebule alikokaa mzee.

"Baba, nimeanika kitu uani. Usi..."

"Usiguse," mzee akamalizia. "Najua, mkwe wangu. Hata kuku wa jirani wanajua."

Saa moja baadaye aliirudisha. Gari likawaka na kutulia, na Bi Usiguse akaenda kufua akiwa na amani ambayo baadaye aliionea haya. Alisikia mara moja, kupitia sauti ya maji, kitu kama vibanio vya chuma vikifunguka, tak, tak, tak, tak. Akadhani ni jirani na masanduku yake.

Jumapili asubuhi alilitoa gari kulijaribu. Makutano ya kwanza, salama. Ya pili, salama. Kwenye ya tatu, mbele ya lori la mchanga, likatetemeka, likapanda, likashuka, likafa. Dereva wa lori alichungulia akamuuliza kama amepaona hapo pazuri ajenge. Bi Usiguse aliweka paji la uso kwenye usukani, na kilichomjia si hasira ya gari, bali hasira juu yake mwenyewe: mwanamke aliyewafundisha wasichana wa watu miaka kumi na tisa kwamba anayeona uchafu aulize umetoka wapi, naye alikuwa ameusafisha mara tatu bila kuuliza.

Alipofika nyumbani, aliinua boneti na kufuata bomba la hewa kurudi nyuma, kinyume cha safari ya hewa, mpaka kwenye sanduku jeusi la chujio. Chujio lilikuwa jipya. Alilibadilisha mwenyewe mwezi uliopita, na kwa kuwa lilikuwa jipya hakuwa amelifungua tena. Akafungua vibanio vinne. Tak, tak, tak, tak.

Karatasi ya chujio ilikuwa imelowa mafuta mpaka kwenye mikunjo. Ilikuwa nzito kama kitambaa cha kudekia. Tone moja lilijikusanya pembeni, likaning'inia, likadondoka kwenye kiatu chake.

Alimpigia mume wake. Alimweleza kwa maneno machache yaliyobanwa meno, akamwomba aongee na baba yake, maana ni baba yake. Mume akasema mzee ana nia njema, na kwamba ingekuwa vizuri yeye aliyeko hapo amwambie, taratibu. Bi Usiguse akakata simu. Alisimama uani na chujio mkononi, mafuta yakimtiririkia kuelekea kwenye kiwiko, akatunga sentensi tatu za adabu na kuzitupa zote. Akaingia na hasira tu.

"Baba, nani amepaka mafuta chujio la gari?"

"Mimi," mzee akasema bila hofu. "Lilikuwa kavu kama mfupa. Kila Jumamosi nalitilia kidogo. Nalisikia linavyovuta pumzi kwa shida, nikasema huyu naye hana wa kumtunza."

"Linatakiwa liwe kavu, baba. Linavuta kwa shida kwa sababu ya mafuta. Hewa inayabeba mpaka kwenye sensa, sensa inapofuka, gari linazimika. Na gari likizimika kesho, jicho lako linasubiri miezi saba."

Hakuwa amewahi kumsemesha hivyo. Ilisikika saa ya ukutani, ambayo nayo, bila shaka, ilikuwa imepakwa mafuta. Mzee alinyoosha mkono hewani. Bi Usiguse akaelewa, akamwekea chujio kiganjani. Akalipapasa mkunjo kwa mkunjo, akalinusa, vidole vyake vikaenda polepole zaidi na zaidi.

"Hiyo sensa," alisema hatimaye, "ikoje? Niambie tu. Sigusi."

Bi Usiguse akamwambia. Kwamba ni kama kijumba kidogo chenye dirisha, na dirishani zimepita nyaya mbili nyembamba kama kope. Kwamba hewa ikipita, nyaya zinajua. Kwamba mafuta yakizishika, vumbi linaganda juu yake, utando unakaa, na hazijui tena kilichopita mbele yake.

"Kumbe gari nalo lina mtoto wa jicho," mzee akasema. Akacheka kidogo, kisha cheko likamwishia njiani. "Na mimi ndiye niliyelitia."

Hapo Bi Usiguse alitamani arudishiwe hasira yake, kwa maana ilikuwa rahisi kuibeba kuliko hiki kilichokuja badala yake. Alisema, kwa ukali usio na pa kwenda, kwamba sasa lawama hazisaidii, ni Jumapili, maduka ya vipuri yamefungwa, na gari haliwezi kwenda na chujio hilo.

Mzee akainuka. Akaenda chumbani kwake akiusoma ukuta kwa kiganja, akainama chini ya kitanda, akarudi na kitu kilichofungwa kwa gazeti na kamba. Lilikuwa chujio la zamani, lile ambalo Bi Usiguse alilitupa jaani mwezi uliopita.

"Kitu hakitupwi mpaka mrithi wake aonyeshe kazi," alisema.

Bi Usiguse aliligeuza kwenye mwanga. Lilikuwa na vumbi, limechakaa, lakini lilikuwa kavu. "Hili hukulipaka?"

"Hilo liko likizo. Mashine iliyo likizo haipakwi."

Alilipigapiga ukutani mpaka vumbi likaisha kutoka. Akalifuta sanduku la chujio na bomba, kitambaa baada ya kitambaa, mpaka cha mwisho kikatoka kama kilivyoingia. Akachomoa sensa kwa mara ya nne. Mzee aliomba akae karibu. Akaletewa kigoda, na kabla hajaambiwa lolote aliikalia mikono yake yote miwili, kama mwanafunzi mtundu anayejijua. Walisubiri sensa ikauke. Gari lilipowashwa, mzee aliinamisha kichwa na kusikiliza muda mrefu hata Bi Usiguse akaanza kuogopa.

"Sasa linapumua kwa pua," akasema.

Jumatatu waliondoka kabla jua halijachomoza vizuri. Kwenye kila makutano Bi Usiguse alishika usukani kama mtu anayevuka mto kwa gogo, na kwenye kila makutano injini ilitulia, ikanguruma kwa sauti moja, ikasubiri, ikaenda. Saa mbili kasorobo walikuwa getini. Aliposhuka ndipo alipohisi ubaridi nyuma ya paja. Sketi yake ya kijivu, ya kazini, ilikuwa na alama ya mafuta ndefu kama ulimi.

"Kiti chako kilikuwa kinakwama kwenye reli zake," mzee alieleza. "Nikasema safari ni ndefu. Labda kidogo yalirukia kitini. Reli si sensa, mkwe wangu."

Bi Usiguse akafunga gari, maana kweli reli si sensa. Muuguzi alimchukua mzee, akamwambia akiwa mlangoni kwamba humo ndani asiguse uso wake wala kitu chochote. Mzee akaelekeza kidevu kwa mkamwana wake. "Neno hilo lina mwenyewe," akasema, akaingia.

Bi Usiguse alikaa kwenye benchi, mkoba umefunika doa. Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa na bawaba iliyolia kama mtoto anayeng'olewa jino. Ulilia muuguzi alipotoka, ukalia aliporudi, ukalia mfagiaji alipopita. Alijaribu kusali, mlango ukalia. Alijaribu kuhesabu dakika, akajikuta anahesabu mlango. Mwanzoni alimkasirikia anayeufungua, kisha hospitali nzima, kisha, kwa mshangao wake, mtu yeyote aliyeweza kuishi na kelele hiyo na asifanye kitu.

Mzee alitolewa na bandeji juu ya jicho la kulia, mkono begani kwa muuguzi. Muuguzi alisema kazi imekwenda vizuri, bandeji itafunguliwa kesho, kisha akaitwa upande wa pili wa korido. Bi Usiguse alimshika baba mkwe mkono.

"Ule mlango umelia mara arobaini na moja," mzee alimnong'oneza. "Nilimwambia daktari, akasema nitulie. Kopo liko mfuko wa koti, wa kushoto."

Bi Usiguse alitazama korido kulia, akatazama kushoto. Hapakuwa na mtu. Akaingiza mkono mfukoni mwa baba mkwe, akalitoa.

"Tone moja juu, moja chini," alielekezwa. "Usimwage."