Siku Zangu na Siku za Odette

Mke mwenzangu alihamia kwangu juma moja baada ya kumzika mume wetu. Hakuuliza. Alishuka kwenye taksi hapa Buyenzi na godoro, sufuria na mfuko wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, akasema, "Yaya Mwanne," yaani dada mkubwa, "mi nimekuja tukae matanga pamoja," na kabla sijafungua mdomo godoro lilikuwa limeshalala sebuleni kwangu.

Odette ni mtu wa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Alikimbilia huku wakati wa vita, akauza ndagala sokoni, mpaka Huseni, fundi wa malori kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, akaanza kuleta nyumbani samaki wengi kuliko tulivyoweza kula. Nilijua papo hapo. Hakuna mwanamume anayependa ndagala kiasi kile. Akamwoa, akampangia nyumba mtaa wa Ngagara, naye akabaki na Ukristo wake. Serikali haitambui mke wa pili, kanisani wakamtoa kwenye kwaya, basi ukimwacha Huseni, mtu pekee mjini aliyemwita mke nilikuwa mimi. Nilimwita hivyo kwa shingo upande.

Zamu lakini Huseni aliziheshimu. Siku mbili kwangu, siku mbili Ngagara, miaka yote ile. Zamu yangu ikiingia alifika alasiri, mikono inanuka mazutu, mafuta ya malori, anaulizia chai kabla hajavua viatu. Siku za Odette nilishona mapazia ya wateja wangu kwa raha zangu, redio juu, sipiki chakula cha maana. Nisiseme uongo, nilizipenda siku zile.

Sasa mume amekufa, ungefikiri mtu analia kila siku. Mimi nililia siku zangu tu. Alasiri ikifika naye haji, nilikuwa nakosa hata nguvu za kusimama. Siku za Odette zikiingia machozi yanakauka, nashona, nalala usingizi mzito. Moyo unaniambia yuko Ngagara. Najua ni upuuzi, nilimwona akivikwa sanda kwa macho yangu. Lakini ndizo siku pekee nilizokuwa napumua, na sikuwa tayari kumpa mtu.

Odette akaja kuniharibia. Nitajidanganya vipi kwamba Huseni yuko Ngagara, na mwenye nyumba ya Ngagara yuko sebuleni kwangu anakoroma? Halafu analia siku zangu. Zake anakaa kimya, anamaliza sabuni yangu kwa kuosha vyombo visivyo na uchafu. Zamu yangu ikiingia tu, anaketi kuelekea mlango, anaanza, mdomo wazi, mpaka wageni waliokuja kunipa pole wananiacha mimi wanambembeleza yeye. Nyumba ni yangu, siku ni yangu, na mimi ndiye ninayewachemshia chai.

Nikampigia simu Karimu, mdogo wake Huseni.

"Mjane anakaa eda kwenye nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe," nikamwambia. "Ndivyo dini inavyosema. Njoo umrudishe kwake."

Dini inasema hivyo kweli, ila sikuikumbuka kwa ajili ya Mungu. Nilitaka siku zangu mbili za usingizi.

Karimu alikuja alasiri, siku yangu, akakunja godoro na kulifikisha mlangoni. Odette hakubishana. Alifunga sufuria yake ndani ya kitenge, kisha akasimama nayo mkononi.

"Yaya, leo ni siku yako," akasema.

"Siku zangu nazijua."

"Kule kwangu, siku zako mi nalala muzuri. Nasema, yuko kwa Mwanne. Zikiisha, napika, naweka maji ya kuoga, nangojea. Hakuji. Kila zamu anakufa tena, yaya, kila zamu. Ndiyo maana nikakuja huku, nione na macho yangu siku yako kama hayuko."

Karimu akaliegemeza godoro ukutani.

"Si umeshaona?" nikamwuliza.

"Nimeona. Lakini mukinirudisha, nitaanza tena kumungojea."

Nilikuwa na hasira, tena tele. Mwanamke huyu aliingia kwenye ndoa yangu bila hodi, sasa ameingia hadi mahali nilipokuwa nimemficha Huseni asife. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Karimu angeondoka na godoro, Odette angerudi Ngagara kupika na kungoja, na kesho kutwa mimi ningelala fofofo, kwa gharama yake.

"Lirudishe godoro," nikamwambia Karimu. "Na we pia, unabeba tu kila unachoambiwa ubebe."

Akalirudisha huku akinung'unika. Odette akaketi, nami nikaketi kando yake, goti kwa goti. Tukalia pamoja kwa mara ya kwanza, na hapakuwa na nyumba nyingine ambako Huseni angeweza kuwa.