Faini ya Mwendokasi Majini

Mimi nimekulia Dodoma, na maji ya Dodoma enzi zetu yalikaa kwenye ndoo, yamefunikwa kwa sinia, na ukiyachezea unachapwa na kila mtu mzima aliyepo mtaani. Kwa hiyo mwalimu wa binti yangu aliponisimamisha pale kwenye geti la shule, Bordesley Green, Birmingham, akaniambia mtoto wangu ana kipaji cha kuogelea, nilicheka mpaka mtoto akaona aibu, akaenda kusimama na familia ya watu wengine.

"Kipaji amekitoa wapi?" nikamuuliza mwalimu. "Kwetu sisi hata bata wanaogelea kwa zamu."

Mwalimu hakucheka. Alinielekeza kwenye timu moja ya watoto iliyokuwa ikifanya mazoezi upande wa Newtown, akasema kiangazi kinakaribia, na kiangazi ndiyo msimu wa mashindano. Hii ilikuwa miaka ile ya mwanzoni mwa elfu mbili. Mchana nilikuwa nawahudumia wazee kwenye nyumba zao, jioni nasoma. Kiingereza cha jioni nilikwisha kufaulu, hesabu za jioni nilikwisha kuzishinda kwa mieleka, na wakati huo nilikuwa katikati ya sayansi ya jioni, nimejaa elimu mpaka masikioni. Nikasema, haya, twende tukaone hayo maji.

Kocha alikuwa mtu wa bashasha, shingo nene kama nguzo ya umeme, filimbi kifuani. Alimtazama binti yangu kutoka juu hadi chini, kisha akanitazama mimi, na safari yangu ilikuwa ndefu zaidi kwa sababu ya upana. Hakumwambia mtoto aingie majini. Alisema tu, "Tutamweka timu ndogo, ya wanaoanza. Watoto wenu mara nyingi wanapata shida kuelea. Ni mifupa."

"Mifupa imefanya nini?"

"Ni mizito kidogo."

Nikamwambia juzi tu mwalimu wangu wa jioni ametueleza jinsi meli ya chuma, yenye magari na mahoteli ndani yake, inavyoelea. Kama meli inaelea, mwanangu mwenye kilo za paka atazamishwa na nini? Kocha akacheka, kicheko kizuri kabisa, cha mtu asiye na ubaya na mtu, na hicho ndicho kilichoniudhi. Mtu akikutukana kwa hasira unajua pa kumshika. Huyu alinipiga begani, akamwandika mtoto timu ndogo, tukaendelea.

Sasa nieleze mambo haya yanavyokwenda, maana mimi mwenyewe ilinichukua nusu ya kiangazi kuyaelewa. Timu kadhaa za mitaa zinakutana kwenye bwawa la mmoja wao. Mkutano huo wanauita gala, utadhani kuna chakula na muziki, kumbe kuna benchi za plastiki na joto la kupikia maandazi. Watoto wanapangwa kwa umri na kwa mtindo: chali, chura, kipepeo, na ule mtindo huru ambao kila mtu anauweza. Kila timu ina njia yake majini, imetengwa kwa kamba yenye shanga kubwa. Wa kwanza anailetea timu yake pointi nyingi, wa pili pungufu, hivyo hivyo hadi wa mwisho. Wazazi wanasimama ukingoni na saa za kubonyeza. Na mwisho wa msimu, timu ndogo yenye pointi nyingi kuliko zote inapewa kombe.

Gala ya kwanza nilikaa na mama mmoja wa Bukavu. Tulikuwa tumejuana mazoezini. Yeye na watoto wake walikuwa wamefika nchini kama wakimbizi, na binti yake alikuwa timu hiyohiyo, akiogelea chali, kidevu juu, kama anayetafuta ndege angani. Mimi nilivaa kitenge changu cha njano, ambacho kingeweza kuongoza meli gizani.

Watoto wakapanda kwenye vijukwaa vyao. Filimbi ikalia. Bwawa zima likanyamaza, kimya cha msibani. Nikamwona mwanangu kainama pale peke yake, hakuna anayemtia moyo. Watu gani hawa? Nikakusanya pumzi yote niliyokuja nayo kutoka Tanzania, nikapiga vigelegele.

Watoto wote sita wakaruka majini.

Kumbe kile kimya ni sheria. Mtoto anatakiwa asikie honi ya kuanzia tu, asisikie kitu kingine duniani. Wakaitwa warudi, wanakohoa, wengine wamefika nusu ya bwawa. Kipaza sauti kikasema yule mama wa kitenge cha njano tafadhali asubiri mashindano yaanze. Binti yangu alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake ya kuogelea.

"Dada," mama wa Bukavu akaninong'oneza, "kama ungekuwa kwetu, bangekupa hata bunduki, uanzishe wewe."

Walipoanza tena, nilitulia. Nilitulia kwa sababu nilishangaa. Yule mtoto alikwenda kama mtu aliyesahau chungu jikoni. Wenzake walipofika katikati, yeye alikuwa amekwisha kugusa ukuta, amevua miwani, anapiga soga na mtunza muda. Nikasimama nikavimwaga vigelegele nilivyobakiza, na safari hii hakuna aliyeninyamazisha.

Kisha kipaza sauti kikasoma matokeo. Wa kwanza, mtoto wa njia ya pili. Wa pili, wa njia ya tano. Wangu hakutajwa. Akaitwa mezani kwa refa, akarudi na kikadi cha njano na chokoleti.

Niliteremka zile ngazi nikiwa tayari kuivunja Uingereza vipande viwili.

"Amefanya kosa gani?" nikamuuliza refa, mzee mmoja aliyevaa nyeupe tupu.

"Hakuna kosa, mama. Amekwenda kasi mno."

"Hayakuwa mashindano ya kasi?"

Akanieleza kwa upole. Timu ndogo ni za watoto wanaojifunza. Ili mtu asije akaficha bingwa humo na kuwaonea wenzake, kila umri umewekewa muda wa kikomo. Ukiogelea kasi kuliko kikomo, hupati pointi wala nafasi. Unapewa kile kikadi, wenyewe wanakiita faini ya mwendokasi, na chokoleti ya kukufuta machozi. "Akipata faini mbili msimu mmoja," akasema, "kanuni zinamhamisha mara moja kwenda timu kubwa."

Nilipanda ngazi polepole. Mama wa Bukavu akaniuliza, "Banasema nini?"

"Wanasema ameshinda sana, kwa hiyo hakushinda."

Akafikiri. "Hii inchi," akasema, akaomba kipande cha chokoleti.

Kwa kweli sheria yenyewe niliiona ya haki. Kilichonikaba ni kocha. Nilimwambia, basi umemwona, mpeleke timu kubwa. Akasema ah, kadi moja inaweza kuwa bahati, saa za wazazi nazo zinakosea. Kisha akachuchumaa mbele ya mwanangu, na lile tabasamu lake, akamfundisha: ukikaribia ukuta, punguza. Hesabu kidogo, halafu gusa. Utakuwa wa kwanza na pointi tutapata. Timu yetu haijawahi kupata kombe, mpenzi. Wewe ndiye utakayetuletea.

Yaani mifupa ilikuwa mizito alipompanga, na sasa imekuwa miepesi kupita kiasi, ipunguziwe mwendo.

Gala zilizofuata mtoto alifanya alivyoambiwa. Alikuwa anaruka, anawaacha, halafu karibu na ukuta anapunga mikono kama mzee anayetafuta swichi ya taa. Wa kwanza, pointi zote, makofi. Watu walinipongeza mpaka kitenge kikachakaa mabegani. Lakini siku moja, kwenye basi la kurudi nyumbani, alikaa kiti cha mbele, akanipa kisogo. Yeye Kiswahili anakisikia chote, ila majibu yake ni ya Kiingereza cha Birmingham, maneno machache, yametolewa puani. Siku hiyo alisema bila kuniangalia kwamba ameanza kuuchukia ukuta. Kwamba zamani alikuwa anaukimbilia, na sasa anausubiri.

Nilifungua dirisha la basi na kulifunga mara kama mia.

Gala ya mwisho ilikuwa kwenye bwawa moja upande wa Great Barr. Timu yetu ilikuwa juu kwa pointi, na timu moja ikitupumulia kisogoni. Kocha alikwisha kupiga hesabu: mwanangu akishinda mtindo huru taratibu, kombe letu. Akipata faini, limekwenda. Alikuja kunieleza mwenyewe, mkono begani.

"Mwambie acheze salama leo, sawa? Kwa ajili ya timu."

"Na mwakani atakuwa wapi?"

"Mwakani tutaona. Bado mdogo. Anaweza kutusaidia hapa misimu miwili zaidi."

Misimu miwili zaidi ya kuungojea ukuta! Nikamwambia kocha, mtoto wangu hachezi salama leo. Akadhani natania, kwa kuwa mimi natania kila siku. Nikautoa mkono wake begani kwangu, taratibu, kama mtu anavyotoa nzi kwenye chai ya mgeni. Hapo akajua.

Ugumu haukuwa kwa kocha. Ugumu ulikuwa kwenye benchi. Mama wa Bukavu alikuwa amesikia yote.

"Dada, minakuomba," akasema. "Mutoto yangu hajapata kitu kwa hii inchi. Hata kijiko. Hili kombe banagawia batoto bote medali, na yeye pia. Wako atapata ingine kesho. Yeye iko na nguvu."

"Najua."

"Basi mwambie apunguze. Leo tu."

"Leo tu waliniambia tangu gala ya pili."

"Kwa hiyo ni hapana?"

"Ni hapana, dada yangu."

Alichukua mkoba wake akahamia benchi la mbele. Hakunitukana. Afadhali angenitukana, mimi kwa kurudishia ni fundi.

Nikashuka mpaka kwenye kamba ya watoto, mahali ambapo wazazi hawaruhusiwi, nikapita kama mkaguzi wa afya. Nikamwambia mwanangu, "Leo nenda kama umefukuzwa na mbwa."

Akaniuliza kuhusu kombe.

"Kombe wataligombea wenyewe."

Akauliza kama kocha atakasirika.

"Atakasirika."

Sana?

"Mpaka filimbi itapiga yenyewe."

Akavuta kofia ikafunika masikio, na chini ya ile kofia nikaona meno yote.

Filimbi. Kimya. Safari hii nilikishika kimya kile kwa mikono miwili. Nilijiziba mdomo kwa kitenge kabisa. Honi ikalia, na sijui nisemeje. Maji yalifunguka. Kocha alikuwa akitembea ukingoni sambamba naye, anaonyesha kwa viganja, shusha, shusha, na yeye kichwa kiko majini, haoni viganja vya mtu. Alipofika pale alipozoea kusubiri, alipita. Aliupiga ukuta kwa mkono mpaka mtunza muda akaruka nyuma.

Nilipiga vigelegele ambavyo naamini walivisikia Dodoma wakafikiri kuna harusi.

Akapata kadi ya njano na chokoleti. Kombe likaenda kwa wale waliokuwa wakitupumulia kisogoni. Kocha hakuniaga. Wazazi wengine walinitazama kama niliyeiba choo cha mtaa, na mimi nikawatazama vilevile, nikala chokoleti yote mbele yao, kipande kimoja kimoja. Mama wa Bukavu alipanda basi la mbele.

Juma lililofuata mtoto wangu alianza mazoezi timu kubwa. Kadi zilikuwa mbili, na kanuni ni zao wenyewe. Mwaka wa kwanza huko juu alikuwa anafika wa mwisho au wa pili kutoka mwisho, amechoka, amevimba macho kwa dawa ya maji, na hajawahi tena kuzungumza vibaya juu ya ukuta.

Mama wa Bukavu alininyima salamu majira yote ya baridi. Tulikuwa tunakutana dukani kwa Wapakistani tunakonunua unga, ananipita kama mimi ni gunia mojawapo. Kisha kiangazi kikarudi, na siku moja akanisimamisha palepale kwenye unga.

"Kocha ametafuta mutoto wa kuweka kwa ile njia ya wako," akasema. "Mtindo huru. Ameweka wangu."

"Hongera!"

"Iko Jumamosi." Akachagua unga, akaugeuza, akaurudisha. "Utakuja na ile kitambaa ya manjano?"

Nilikwenda. Tulikaa benchi moja. Filimbi ilipolia alinishika mkono akanibana mpaka vidole vikafa ganzi. "Bado," akaninong'oneza. "Bado, dada. Bado."

Honi ikalia. Binti yake aliogelea na kidevu juu vilevile, hata kwa mtindo huru, bado anatafuta ile ndege yake. Alifika wa tano katika sita, na nilivyompigia vigelegele, wa kwanza aligeuka kuangalia ni nani aliyeshinda.

Mama yake alikuwa amesimama juu ya benchi la plastiki, viatu mkononi. "Refa!" alikuwa akimwita yule mzee wa nyeupe, kwa Kiswahili, kwa sauti ya soko zima. "Refa! Na huyu chokoleti yake iko wapi?"