Brandi ya Pipa kwa Mjomba

Mjomba wangu wa Newala, kaka yake mama, ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu ndoa yangu. Kwetu ndivyo ilivyo: baba anashauri, mjomba anaamua. Wachumba wawili alishawarudisha walikotoka, mmoja kwa kosa la kucheka sana, nami nilishaanza kukata tamaa. Kwa hiyo huyu wa tatu, mtunza mapipa wa kiwanda kimoja cha mvinyo huko Dodoma, nilimpokea stendi ya Masasi roho juu. Mkononi alikuwa na chupa ya brandi ya zabibu. Niliifunga kwenye kanga, nikaipakata hadi Newala kama mtoto mchanga.

Mjomba si mtu wa kulainishwa kwa pombe. Msimu wa mabibo ya mikorosho anakamua na kutengeneza uraka wake mwenyewe, na kwake kinywaji kizuri ni cha leo. Cha juzi ni cha kumwaga.

Salamu zilipokwisha, mchumba akaweka chupa mezani kwa mikono miwili.

"Hii, Mjomba, imelala kwenye pipa miaka tisa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Newala, ukisema pipa umesema maji, ya mvua au ya kununua, na ukilifunika vibaya siku chache tu linajaa viluwiluwi. Mke wa mjomba aliinyanyua chupa akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, anatafuta wadudu.

"Miaka tisa," mjomba akasema taratibu. "Na hamkuliosha?"

"Ni pipa la mbao, Mjomba. Mbao za mwaloni."

"Mwaloni huu wa kwenye Biblia?"

"Huohuo."

Hapo akalegeza uso kidogo, akaagiza glasi za chai.

Alinusa kwanza. Nami nikanusa: zabibu kavu, ubao uliotoka kupigwa randa, na kwa mbali sukari inayoanza kuungua. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyokolea. Nilipoonja, ulimi uliwaka kidogo, kisha utamu ukaja polepole, ukashuka kifuani ukatulia huko. Niliipenda mno, hata nikasahau kuogopa. Mjomba aliizungusha mdomoni, akameza, akafumba macho.

"Ilikuwa hivi tangu mwanzo?" akauliza.

"Hapana, Mjomba. Ilikuwa kali, haisogeleki. Kila mwaka naonja, naona bado, nafunga pipa."

"Huiongezei kitu ipoe?"

"Naiacha tu. Inatulia yenyewe."

Mjomba akanigeukia, nikajua nimekwisha.

"Huyu mpwa wangu naye mkali. Tunamsubiri tangu azaliwe, hajatulia. Wewe utamsubiri mpaka lini?"

Nilifungua mdomo, maana mimi sikosi jibu. Mchumba akaniwahi.

"Mimi simsubiri, Mjomba. Brandi ikiishiwa ukali wote, ujue imeharibika. Hiyo tunaimwaga."

Mke wa mjomba alicheka mpaka akashika mlango. Mjomba hakucheka. Aliitazama glasi yake tupu, kisha akaisukuma juu ya meza hadi mbele ya mchumba wangu.

"Ongeza, mkwe," akasema.

Nikaangua kilio palepale, mkali mzima mimi.