Vailet na Viboko wa Mazoezi

Vailet wa Nakwa, huko Babati, alikuwa hajawahi kuiona bahari, kwa hiyo akaamua kuifanyia kazi. Alijiandikisha kozi ya waangalizi wa nyangumi na pomboo: watu wanaosimama na darubini juu ya meli za kutafuta gesi, mnyama akisogea wanasema "zimeni," na mitambo inayopiga mishindo chini ya maji inanyamaza. Binti wa mkulima wa mbaazi, anainyamazisha meli nzima!

Ushonaji ulishamshinda, kompyuta pia. Baba yake, mzee Aniceti, alishatamka: hii ndiyo ya mwisho, ukifeli jembe lipo.

Mtihani ulikuwa na kanuni moja: saa nzima, macho yasitoke majini. Anayemkosa mnyama anarudi mwakani. Babati nyangumi hakuna ila viboko wapo, basi Vailet akawa anashinda kwenye mwinuko juu ya ziwa, anaandika: "Saa 3:12, kiboko mmoja, amepiga mwayo."

Viboko hawakumsumbua. Waliomsumbua ni wakubwa wanaopita.

"We Vailet! Hunioni?" Mama Egidius, jirani yao, alisimama nyuma yake na jembe begani.

"Shikamoo, mama," alijibu, akitazama maji.

"Unamwamkia kiboko?"

"Nakuamkia wewe, mama. Kiboko hatujazoeana hivyo."

Kufika Ijumaa mtaa mzima ulijua: kozi imempa Vailet kiburi. Mzee Aniceti akahojiwa kwenye jumuiya ya kanisa, akarudi ameshika kichwa. "Mwanangu, amkia watu vizuri. Hao viboko hawatakuja kutuzika."

Basi akajifunza. Akisikia kandambili nyuma yake, anainuka, anapiga goti, anaamkia kwa sauti ya kumridhisha askofu, macho yakiwa yamebaki ziwani.

Siku ya mtihani, Mtwara, watahiniwa kumi na wawili walikaa mbele ya skrini kubwa yenye bahari tupu. Dakika ya hamsini na tatu mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia mkuu wa kozi, kitambi kikitangulia. Kumi na mmoja wakafanya walichozoeshwa tangu darasa la kwanza: wakasimama, wakageuka, "Shikamoo, mwalimu!"

Pomboo wawili wakapita zao.

Vailet aliinuka, akapiga goti, mgongo kwa mkuu wa kozi. "Shikamoo, mwalimu. Pomboo wawili, kulia, mita mia tatu. Zimeni."

"Marahaba," mkuu alisema, akaandika jina moja tu la aliyefaulu.

Sasa Mama Egidius anatangaza sokoni kwamba Vailet alifundishwa na yeye. Kwa bahati mbaya, ni kweli.