Mfuko Uliopasuka Mgongoni mwa Désiré

Majirani zetu wa Buyenzi walisema sitamaliza hata shule ya msingi. Leo nina diploma ya umeme, na nyumba ninayokaa Kinindo nimeijenga kwa jasho langu. Lakini juzi, nikimsubiri binti yangu nje ya shule, nilimwona mtoto akipasua mfuko uliojaa pumzi nyuma ya mwenzake, nikakumbuka darasa letu la Buyenzi.

Sisi mchezo huo tulimfanyia Désiré, mgeni darasani aliyekimbia vita vya kule Kinama. Kila mfuko ulipolia alijitupa chini, nasi tukacheka. Nilidhani anapenda kutuchekesha.

Mchana mmoja zamu ilikuwa yangu. "We ukiogopa," wavulana wakubwa waliniambia, "kesho tunakufanyia we." Ua ulinuka vumbi na maharage ya jikoni. Nikaujaza mfuko pumzi, nikanyemelea hadi nyuma ya Désiré, nikaupiga kofi.

Safari hii hakuanguka peke yake. Aligeuka, akanishika shingo, akaniangusha kifudifudi na kunilalia. Niliamini analipiza kisasi. Nikamng'ata mkono hadi nikaonja chumvi ya damu, na wenzangu wakashangilia, "Mung'ate tena, we."

Désiré hakunipiga. Moyo wake ulidunda mgongoni mwangu, na mkono ule nilioung'ata ulikuwa umenifunika kichwa.

"Usiinuke, ndugu yangu," alininong'oneza. "Watapiga risasi tena."