Nilivyokwenda msibani na midomo ya biarusi

Mpaka leo nikipita mbele ya maduka ya hina pale sokoni Matrah, hapa Maskati, huivuta shela yangu mpaka puani, na wajukuu zangu wanaonileta kwa gari kutoka Mabela wanadhani bibi yao anakimbia vumbi. Si vumbi, ni aibu, na kwa kuwa walioishuhudia karibu wote wameshatangulia mbele ya haki (Mungu awarehemu), leo naieleza mwenyewe kabla hajanieleza mwengine.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimetoka Unguja baada ya mapinduzi, sina baba wala mama, nimepokelewa na shangazi yangu Bi Zuwena, dada yake baba, mwanamke mkali kwa maneno na mpole kwa sahani, maana akikugombeza asubuhi basi mchana kipande kikubwa cha papa ni chako. Onyo lake lilikuwa moja tu: "Watu wa hapa wanatutazama sisi wa Zinjibari tukoje. Usije ukanitia aibu." Na mimi nilimwogopa, nikampenda, na sikuwa na mlango mwengine wa kubisha duniani.

Basi asubuhi moja nikapiga mswaki, nikatema, nikaona wekundu. Kule kwetu jirani yetu mmoja alikuwa akitema damu, akatengewa kikombe na sahani, na hakumaliza mwaka, kwa hivyo mimi nikajihukumu palepale: nna kifua kikuu, na shangazi akijua atanitoa. Nikaamua kunyamaza. Mswaki nikauweka chini (nisipoiona damu, ugonjwa haupo, ndiyo akili niliyokuwa nayo), finjani yangu nikaificha peke yake, na badala ya kulala juu ya paa na watu wote kwa lile joto la Maskati nikahamishia mkeka wangu kwenye ghala ya tende, nikasema paani kuna mbu. Nilikuwa nikiamka nimelowa jasho, nanata, nanuka tende, na fizi ndiyo kwanza zinazidi kuvimba, hata nikiuma mkate naona alama nyekundu.

Wiki ya tatu shangazi akanituma sokoni ndimu kavu, nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kujitibu. Kiarabu nilichokijua siku zile kilikuwa cha msahafuni, cha kusomea, si cha kununulia. Nikamwendea mzee muuza dawa za miti, nikamwonesha mdomo, nikamwambia meno, nikamwambia nyekundu, nikaona haya kutaja damu. Akanitazama, akatabasamu, akanipa vipande vya gome la mti, akasema, "Mabruk." Nikaona mzee huyu ana adabu, mpaka kwa kununua dawa anakupongeza. Njia nzima nikalitafuna lile gome na kujisugulia fizi mpaka zikawaka moto, nikajua dawa imeingia.

Kufika nyumbani namkuta shangazi mlangoni kashavaa. "Jifunike vizuri, twende kwa Bi Rayya. Mumewe kazikwa jana." Kioo chetu kilikuwa kimoja, kiko chumbani kwake, na mimi nimeshajifunika, kwa hivyo si yeye aliyeuona uso wangu wala si mimi.

Tukakaa na wanawake wenzetu kwenye mikeka, mgongo ukutani, kimya, wengine wanasoma. Ikaja kahawa. Nikashusha shela ninywe, na bibi mmoja mbele yangu akaacha kusoma, akamgusa wa pili, wa pili akamgusa wa tatu. Bibi akauliza kitu kwa Kiarabu, sikudaka ila neno "arusi", na kwa kuwa nimefunzwa adabu nikamjibu kwa tabasamu pana, meno yote nje.

Shangazi akageuka. Vidole vyake viwili vikalikamata paja langu. "Umetia deiram? Umekuja msibani na deiram?"

Hapo ndipo nilipojua nilichokitafuna. Deiram ni gome wanalolitumia wanawake kusafishia meno, lakini pia ndiyo pambo la arusi na Idi, linakoza midomo rangi kama ya hina na halitoki kwa maji. Mimi nimejikoza mpaka kidevuni, ndani ya nyumba ya mjane.

Nikaona bora niseme kweli, na nikaisema kwa Kiswahili, kwa sauti, ili wasinifahamu: "Shangazi, sikujipamba. Nna kifua kikuu."

Finjani zote zikasimama hewani. Nusu ya wale wanawake walizaliwa Unguja na Pemba, na nusu nyengine waliolewa na watu wa huko. Wa kulia kwangu akavuta nguo yake, wa kushoto akavuta mtoto wake.

"Mleteni hapa," akasema Bi Rayya mwenyewe kutoka pembeni, kwa Kiswahili cha Unguja mjini, cha Mkunazini hasa. Akanigeuza penye mwanga wa dirisha. "Unakohoa?" Sikohoi. "Homa? Jasho?" Jasho ninalo, nikasema, nalala ghalani. "Damu inatoka wakati gani?" Nikipiga mswaki. Akanibonyeza ufizi kwa kidole chake, damu ikaja.

"Fizi hizi, mwanangu, si kifua. Uchafu umekaa kwenye shina la jino, ufizi umevimba, na wewe kuona damu ukaacha kusugua, ndiyo ukauzidishia. Sugua kila siku, polepole, na usukutue maji ya chumvi ya vuguvugu. Isipokoma, nenda ukatazamwe hospitali." Kisha akaniachia kidevu. "Marehemu alikuwa vivi hivi. Miaka thelathini kila alfajiri nampigia kelele, Saidi, sugua meno."

Akafunika uso kwa mtandio wake, akalia. Wakaniambia baadaye kwamba tangu maiti kutolewa hakuwa ametoa chozi.

Njia nzima ya kurudi nikawa nahesabu nguo zangu kichwani nitazifunga vipi. Mlangoni shangazi akasimama. "Wiki tatu," akasema, "unalala ghalani unajua unakufa, na mimi nipo hapa juu?" Akaingia ndani, akautoa mkeka wangu, akautandika paani ubavuni mwa wake.

Fizi zilipona, na ile rangi ilikaa siku nne. Tangu hapo sijatafuna gome nisilolijua, na nikiumwa, hata ukucha, nasema nyumba nzima isikie.